Christopher Strachey: mwalimu wa shule aliyefikiri kuhusu mipaka ndani ya kompyuta

Katika soko la Bugolobi, mashariki mwa jiji la Kampala, fedha nyingi siku hizi hazishikwi kwa mkono. Muuza matoke hulipwa kwa simu, mwenye duka huagiza bidhaa kwa simu, na mzazi aliye ng'ambo humtumia mwanawe ada ya shule kwa njia hiyo hiyo. Kampuni ya MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa kuanza nchini Kenya, na tangu hapo jambo lililokuwa la ajabu limekuwa la kawaida.

Wachache hujiuliza kinachotokea ndani ya simu janja pale mtu anapobonyeza kitufe cha kutuma. Programu anayoiona kwenye kioo haina ruhusa ya kugusa redio ya simu moja kwa moja, wala kuingilia programu jirani. Hukabidhi ujumbe wake kwa programu moja kuu iitwayo kiini cha mfumo endeshi. Nacho kiini huunakili ujumbe huo kutoka eneo la kumbukumbu la programu, kikauweka katika eneo lake chenyewe, ndipo kikaushughulikia. Kazi hiyo ya kunakili huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikifanywa bila uangalifu, mdanganyifu anaweza kuitumia kuitawala simu nzima.

Historia ya kuitenganisha programu kuu na programu za watu ina majina mengi. Mmoja wa watu walioifikiria mapema ni Mwingereza Christopher Strachey, aliyefariki dunia mwaka 1975, miaka mingi kabla ya simu ya kwanza ya mkononi kulia mjini Kampala. Hakuwa tajiri wala mwenye kampuni. Kwa miaka saba ya ujana wake alikuwa mwalimu wa shule, na alipata cheo cha profesa akiwa amebakiza miaka minne tu ya kuishi.

Mtoto wa nyumba ya wasomi

Strachey alizaliwa tarehe 16 Novemba 1916 huko Hampstead, London. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri, na aliitumikia serikali ya Uingereza katika vita vyote viwili vya dunia. Mama yake, Ray, alikuwa mwandishi na mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura. Ami yake, Lytton Strachey, alikuwa mwandishi maarufu wa maisha ya watu. Familia hiyo iliishi Gordon Square, katika mtaa wa Bloomsbury, mahali palipokusanya waandishi, wachoraji na wanafikra wa kizazi kile.

Kwa kijana aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo, matumaini yalikuwa makubwa, na mwanzoni hakuyatimiza. Alisoma shule ya Gresham's, kisha mwaka 1935 akaingia chuo cha King's, Cambridge, ambako alifahamiana na Alan Turing. Mwaka wake wa tatu ulivurugwa na maradhi ya akili yaliyomlazimu kupumzika. Alipomaliza mwaka 1939, alama zake zilikuwa za kati tu, na mlango wa kuendelea na utafiti chuoni ukafungwa.

Vita vilipoanza aliajiriwa na kampuni ya Standard Telephones and Cables kama mtafiti wa fizikia. Kazi yake ilihusu vali za elektroni zilizotumika katika rada. Hesabu zake zilikuwa ndefu na nzito, na katika kuzitafutia njia alikutana na mashine ya kukokotoa. Hapo ndipo hamu yake ilipochipuka. Hata hivyo, vita vilipokwisha mwaka 1945, hakwenda kwenye maabara yoyote. Alikwenda kufundisha katika shule ya St Edmund's mjini Canterbury, na mwaka 1949 akahamia shule ya Harrow.

Likizo za mwalimu

Mnamo Januari 1951, kupitia rafiki, mwalimu huyo alikutanishwa na Mike Woodger wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, ambako kompyuta ya Pilot ACE ilikuwa imeanza kufanya kazi. Akarudi shuleni na wazo kichwani: kuandika programu ya kuifanya mashine icheze dama. Aliiandika kwa mkono, jioni na wakati wa likizo. Mchezo huo ulihitaji kumbukumbu kubwa kuliko ile ya Pilot ACE. Akasikia kwamba Chuo Kikuu cha Manchester kilikuwa na mashine yenye nafasi zaidi, na kwamba Turing, yule waliyejuana Cambridge, ndiye aliyeandika mwongozo wa waandishi wa programu zake. Akauomba mwongozo, akausoma.

Turing alimpa jaribio jingine la kuanzia. Alimtaka aandike programu itakayoifanya kompyuta kuifuata programu nyingine hatua kwa hatua na kuonyesha inachofanya. Strachey alikwenda Manchester akiwa na programu yenye maagizo yapatayo 1,000, ndefu sana kwa viwango vya wakati ule. Alikesha na mashine usiku mmoja. Kulipokucha, programu ilikuwa inafanya kazi, na mwishoni mwake kompyuta ikapiga wimbo wa taifa wa Uingereza kupitia kipaza sauti chake.

Tukio hilo lilimpa mwalimu wa Harrow sifa ya ghafla. Baadaye mwaka huo huo shirika la utangazaji la BBC lilirekodi muziki wa kompyuta hiyo ya Manchester, na rekodi hiyo ilisafishwa na watafiti nchini New Zealand mwaka 2016, hivyo sauti yake inasikika hadi leo. Hata hivyo, kwa historia inayosimuliwa hapa, muziki si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba kazi ya kwanza kubwa ya Strachey ilikuwa programu inayoiangalia programu nyingine.

Kufikia kiangazi cha mwaka 1952, programu yake ya dama iliweza kucheza mchezo mzima. Katika mwaka huo huo aliifanya mashine ya Manchester itunge barua za mapenzi kwa kuchagua maneno kwa bahati nasibu. Juni 1952 aliacha ualimu na kuajiriwa na Shirika la Taifa la Maendeleo ya Utafiti, taasisi ya serikali iliyokuwa na jukumu la kuugeuza uvumbuzi wa Uingereza kuwa biashara. Huko alishiriki kusanifu kompyuta, ikiwemo Pegasus ya kampuni ya Ferranti, iliyotoka mwaka 1956 na kusifiwa na walioitumia kwa urahisi wake.

Mashine moja, watu wengi

Kompyuta za miaka ile ziligharimu fedha nyingi, na zilitumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwandishi wa programu aliketi mbele ya mashine, akatazama taa zake, akakuna kichwa kutafuta kosa. Muda wote huo mashine ilikaa bure ikimsubiri. Wasimamizi walipochoshwa na hasara hiyo, waliwaondoa waandishi wa programu kwenye chumba cha mashine. Mtu akaacha kazi yake dirishani na kurudi baadaye kuchukua majibu, hata kama kosa lake lilikuwa la nukta moja.

Strachey aliona kwamba si lazima kuchagua kati ya hasara ya mashine na hasara ya mtu. Februari 1959 aliwasilisha maombi ya hataza, na mwezi Juni mwaka huo alisoma mada yake Paris, katika mkutano wa kimataifa wa uchakataji wa habari ulioandaliwa na UNESCO. Alipendekeza kompyuta iendeshe programu kadhaa kwa kupokezana kwa kasi, ili mtu mmoja aweze kusahihisha programu yake polepole huku kazi za wengine zikiendelea. Juu yao wote aliweka programu moja ya usimamizi aliyoiita mkurugenzi.

Wazo hilo lilizaa swali. Ikiwa programu nyingi zinaishi katika kumbukumbu moja, nini kitaizuia yenye kosa, au yenye hila, isiharibu nyingine? Na nini kitaizuia isimharibu mkurugenzi mwenyewe? Jibu la wahandisi wa kizazi kile lilikuwa kuujenga mpaka ndani ya mashine yenyewe. Kompyuta ya Atlas, iliyosanifiwa Manchester na Tom Kilburn na wenzake na kuzinduliwa tarehe 7 Desemba 1962, iliigawa kumbukumbu yake katika kurasa za maneno 512. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya kufungia, ili programu isiufikie ukurasa usio wake. Nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walikuwa wameonyesha mfumo wao wa kugawana kompyuta mwezi Novemba 1961. Kutoka pande hizo mbili za bahari ilitokea desturi inayofuatwa hadi leo: kiini upande mmoja, programu za watu upande wa pili, na ukuta katikati.

Askari na kitabu chake

Ukuta peke yake hautoshi, kwa kuwa programu isiyoweza kuwasiliana na kiini haina faida kwa mtu yeyote. Lazima kuwe na geti, na shida zote hutokea getini.

Anayeyajua majumba ya ghorofa ya Bugolobi ataielewa shida hiyo kwa haraka. Mgeni hufika, askari humsimamisha, huuliza jina na shughuli, huandika katika kitabu chake. Askari mzuri hufuata kanuni nne, hata kama hakuna aliyemwandikia.

Ya kwanza, huikagua anwani anayopewa. Mgeni akisema mzigo wake upelekwe nyumba fulani, askari huhakikisha kwanza kwamba mgeni huyo ana haki na nyumba hiyo. Asipofanya hivyo, hatari ni kubwa, kwa sababu askari ndiye mwenye funguo zote. Mwizi hana haja ya kuvunja mlango ikiwa anaweza kumtuma askari aufungue. Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Programu humwambia mwenye mamlaka, yaani kiini, kwamba data yake iko mahali fulani au kwamba jibu liwekwe mahali fulani. Ikiwa anwani hiyo kwa hila ni ya eneo la kiini chenyewe, na kiini hakikukagua, basi kitaandika juu ya siri zake kwa mkono wake.

Ya pili, askari hashangai akikuta anwani haina nyumba. Programu inaweza kutaja mahali pasipo na kitu kabisa. Kiini hakipaswi kuanguka kwa sababu ya kosa la mgeni. Katika mfumo wa Linux, kazi ya kunakili ikikwama njiani husimama kwa utaratibu na kurudisha hesabu ya baiti ambazo hazikunakiliwa, nayo programu huambiwa kwamba imetoa anwani mbaya.

Ya tatu, askari huandika mara moja, kisha husoma kitabu chake, si karatasi ya mgeni. Mgeni mjanja huonyesha karatasi yenye maneno mema, huirudisha mfukoni, halafu dakika ya pili hutoa nyingine inayofanana nayo. Programu yenye nyuzi mbili za utendaji inaweza kufanya vivyo hivyo: uzi mmoja unaomba huduma, mwingine unaibadilisha tarakimu katika kumbukumbu baada ya kiini kuikagua na kabla ya kuitumia. Tiba ni kunakili kwanza, kisha kukagua nakala iliyo ndani, na kuitumia nakala hiyo hiyo bila kurudi nje tena.

Ya nne inahusu kutoka. Askari akimpa mgeni karatasi kutoka kitabu chake, huhakikisha haina majina ya wageni waliotangulia. Kiini nacho kinaporudisha jibu, lazima kifute kwanza masalia ya data ya wengine katika nafasi zilizoachwa wazi, maana siri nyingi zimevuja kwa njia hiyo ya kimya.

Anwani na kilichomo

Strachey hakuziandika kanuni hizo nne. Alichokifanya ni kuchimba chini yake, mahali ambapo neno anwani lenyewe linapata maana.

Mwaka 1959 aliacha shirika la serikali na kufanya kazi kama mshauri wa kujitegemea jijini London. Msaidizi wake pekee alikuwa Peter Landin, ambaye naye alikuja kuwa mmoja wa wanafikra wakubwa wa lugha za kompyuta. Mwaka 1962 Strachey alijiunga na Maabara ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha Cambridge ili kushiriki kubuni lugha mpya ya programu iliyoitwa CPL, kwa ushirikiano wa Cambridge na London. Mwaka 1965, baada ya kukaa kwa muda MIT, alikwenda Oxford na kuanzisha Kikundi cha Utafiti wa Programu.

Mwezi Agosti 1967 alitoa mihadhara mjini Copenhagen, Denmark, katika shule ya kiangazi ya waandishi wa programu. Humo alifafanua tofauti ambayo wengi waliitumia kila siku bila kuitafakari. Katika agizo la kuweka thamani ya kitu kimoja katika kingine, jina lililo upande wa kushoto na jina lililo upande wa kulia hayafanyi kazi moja. La kulia humaanisha kilichomo. La kushoto humaanisha mahali. Aliziita thamani ya kushoto na thamani ya kulia, na maneno hayo yamebaki katika vitabu vya wataalamu.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Ndiyo, hata hivyo, inayotenganisha kumpa mtu shilingi 10,000 na kumpa ufunguo wa sanduku zilimo. Anayepewa thamani hupata kitu kimoja kisichobadilika. Anayepewa anwani hupata mlango, na nyuma ya mlango mambo yanaweza kubadilika wakati wowote. Makosa mengi ya kunakili data kati ya programu na kiini, yakichunguzwa hadi mwisho, huonekana kuwa makosa ya kuichukulia anwani kana kwamba ni kilichomo, au ya kuipokea anwani bila kuuliza imetoka kwa nani.

Mihadhara ile ilisambaa kwa nakala za mkono kwa mkono. Haikuchapishwa rasmi katika jarida hadi mwaka 2000, robo karne baada ya mwandishi wake kufariki. Strachey alikuwa mgumu wa kuchapisha. Alitaka kila jambo liwe limekamilika, na mara nyingi halikukamilika.

Lugha isiyokamilika na wajukuu wake

CPL ilikuwa mojawapo ya mambo yasiyokamilika. Maelezo yake yalitolewa mwaka 1963, lakini lugha ilikuwa kubwa mno kwa mashine za wakati ule na haikuwahi kutekelezwa kikamilifu. Martin Richards wa Cambridge aliipunguza, akaondoa utaratibu wa kutofautisha aina za data, na kupata lugha nyepesi iliyoitwa BCPL. Kutokana na BCPL, Ken Thompson wa maabara ya Bell nchini Marekani alitengeneza lugha ya B. Kutokana na B, mwenzake Dennis Ritchie alitengeneza lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 kiini cha mfumo wa Unix kikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi mjini Helsinki, alianza kuandika kiini cha Linux kwa C. Kiini hicho ndicho kilichomo katika simu za Android zilizojaa leo katika maduka ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Kwa hiyo simu hizo ni wajukuu wa mbali wa lugha ya Strachey. Hata hivyo, katika safari hiyo ya kupunguza mzigo, baadhi ya ukali wa babu ulibaki njiani. Lugha ya C ilirudisha aina za data, lakini humpa mwandishi kielekezi, yaani anwani tupu, na kumwachia mwenyewe jukumu la kujua kama ni halali. Kwa lugha hiyo, kielekezi kilichotoka kwa kiini na kielekezi kilichotoka kwa programu ya mgeni hufanana kama mapacha. Ndiyo maana waandishi wa Linux walilazimika kuweka kazi maalumu za kunakili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, na kuamuru kwamba data ya mtumiaji isiguswe kwa njia nyingine yoyote.

Gharama ya kukosea ilionekana wazi mwaka 2013. Katika kiini cha Linux kwa ajili ya vichakataji vya ARM, ambavyo ndivyo vilivyomo katika simu nyingi duniani, kazi mbili ndogo za kupokea na kurudisha thamani hazikuwa zikikagua baadhi ya anwani. Askari alikuwa haangalii namba ya nyumba. Programu iliyotengenezwa kwa hila iliweza kusoma au kubadilisha sehemu yoyote ya kumbukumbu ya kiini. Kasoro hiyo ilikuwa imeshasahihishwa katika toleo la 3.5.5 la mwaka 2012, lakini simu nyingi ziliendelea kutumia matoleo ya zamani. Miezi ya Oktoba na Novemba 2013 wavamizi waliitumia dhidi ya simu za Android. Waliodhurika hawakuwa wamefanya kosa lolote, ila simu zao hazikuwa zimepata masasisho.

Baada ya hapo ulinzi uliongezwa hadi ndani ya vichakataji. Katika miaka ya 2010, Intel na ARM walianza kuweka kizuizi kinachokikataza hata kiini chenyewe kugusa kumbukumbu ya mtumiaji, isipokuwa pale kizuizi kinapofunguliwa kwa makusudi, wakati wa kunakili tu, kisha kufungwa tena. Askari mwenye funguo zote sasa naye amewekewa kufuli.

Profesa wa miaka minne

Huko Oxford, Strachey aliamini kwamba nadharia isiyogusa mashine ni upuuzi, na kwamba ufundi usio na nadharia ni hatari. Pamoja na Joe Stoy aliandika mfumo endeshi mdogo ulioitwa OS6, kama jaribio la kuonyesha kwamba programu kuu inaweza kuandikwa kwa mpangilio unaoeleweka. Pamoja na Dana Scott, mwanahisabati kutoka Marekani, alijenga njia ya kueleza kwa hisabati maana kamili ya kila sentensi ya lugha ya programu. Lengo lao lilikuwa kwamba mtu aweze kuthibitisha programu inachofanya badala ya kukisia.

Mwaka 1971 Oxford ilimpa uprofesa. Mwaka huo huo Chama cha Kompyuta cha Uingereza kikamtunuku heshima yake ya juu. Alifanya kazi kwa nguvu na mwanafunzi wake, Robert Milne, katika andiko kubwa la kukusanya nadharia yake yote. Hakuliona likiwa kitabu. Tarehe 18 Mei 1975 alifariki dunia mjini Oxford kwa homa ya ini, akiwa na umri wa miaka 58. Milne alikamilisha kazi hiyo na kitabu kikatoka mwaka uliofuata.

Jina lake limebaki Oxford, ambako kuna kiti cha uprofesa wa kompyuta kinachoitwa kwa jina lake, na Novemba 2016 wataalamu walikusanyika huko kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Nje ya duara la wataalamu hajulikani sana. Hakuacha kampuni, wala mashine yenye jina lake, na lugha yake kubwa haikukamilika.

Kazi aliyoigusa nayo bado haijakamilika. Kasoro za aina ile ya mwaka 2013 zinaendelea kugunduliwa na kuzibwa, na kwa sehemu ndiyo sababu watengenezaji wa simu hutoa masasisho ya usalama mara kwa mara. Mwaka 2022 Linux ilianza kukubali sehemu za kiini zilizoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo hukagua matumizi mengi ya anwani kabla programu haijaanza kazi. Hatua hiyo inarudisha baadhi ya ukali ulioachwa njiani kati ya CPL na C. Kwa mwenye simu, jambo lililo ndani ya uwezo wake ni dogo na la maana: kuyakubali masasisho hayo yanapofika, na kutopakua programu kutoka mahali asipopajua.